Dirisha la Tatu la Barbara

"Futa dirisha moja," Mzee Jacktone alisema kutoka chini ya ngazi. "Yabaki mawili. Na huyo msichana apige magoti."

Lynnet hakushuka. Alikuwa ametoka Homa Bay, anakochora vibao vya maduka, aje Osiri achore ukutani mwa kanisa picha ya Mtakatifu Barbara, mwombezi wa wachimba migodi. Mwenyekiti wa kanisa, Mzee Jacktone, ndiye baba yake mzazi, na picha ilikuwa ibarikiwe kesho.

"Baba, hadithi yenyewe ndiyo hiyo. Baba yake alimfungia kwenye mnara wa madirisha mawili. Yeye akaambia mafundi waweke la tatu, la Utatu. Wachoraji wa zamani wanamchora amesimama na huo mnara wake. Nitampigishaje magoti mimi?"

"Watu watasema umenichora mimi."

"Kwani wewe umenifungia?"

Mwezi mzima Mzee amekataa kuwapokea wazee wa Gisiri waje kuposa. Gisiri ndiye mchumba wa Lynnet, kijana wa Ntimaru anayechimba dhahabu hapo Osiri. Kwanza ni Mkuria, si Mjaluo mwenzao. Pili, shimo linaweza kumfukia siku yoyote, amwachie Lynnet ujane. Hiyo ya pili ndiyo ilimnyima usingizi, lakini kutwa alitaja ya kwanza.

"Usiporekebisha, arusi sahau."

"Na nikirekebisha?"

"Tutaona."

"Tutaona" ya baba yake Lynnet aliijua tangu utotoni. Maana yake ni hapana.

Simu ikalia. Ujumbe wa Gisiri: "Mpe tu chenye anataka, babe. Ni rangi tu. Ama twende Isebania tuanze maisha. Tukirudi na mtoto, mzee wako atakubali."

Lynnet akatoka nje, akampigia.

"Gisiri, mimi sitoroki."

"Sasa utafanya nini?"

"Namaliza kazi yangu. Halafu unanioa hapa hapa, baba akiwa amekaa kiti cha mbele. Kama huwezi kungoja, niambie saa hii."

"Nangoja," alisema. "Hata mwaka."

Lynnet alimpenda siku hiyo kuliko siku zote.

Jumapili shuka lililofunika picha lilipovutwa, watu waliinua shingo. Barbara amesimama kichwa juu, madirisha matatu. Kando yake baba mtu ameshika upanga, lakini hana uso.

"Lynnet, umesahau uso?" Padri aliuliza.

"Sijasahau, Father. Kwa hadithi, baba ndiye alimuua. Mkono wangu ulikataa kumchora. Nampenda baba yangu, na bado nitaolewa na Gisiri."

Mwalimu wa kwaya alianza kutafuta wimbo haraka haraka. Mzee Jacktone alimwashiria atulie, akasimama.

"Nyathina, mwanangu," alisema, "sijawahi kuogopa Mkuria. Naogopa hilo shimo."

"Najua, Baba. Hata mimi naliogopa. Lakini ni yeye nimechagua."

Mzee alitazama ule upanga kwa muda. Kisha akageukia viti vya nyuma, alikokuwa Gisiri na shati lake lililopigwa pasi.

"Wewe kijana. Waambie wazee wako waje Jumamosi."

"Ndio, mzee," Gisiri alijibu.

Lynnet alikuwa analia mbele ya kanisa zima, wala hakujifuta.

"Na wewe," baba yake akamwambia, "huyo wa upanga mfute kabisa. Hapa kwetu hatuna baba kama huyo."