Kengele Kwenye Kaburi la Kitsos

Hili lilimkuta rafiki yangu Stamatia, huku kwetu milimani Epiro. Alikwenda makaburini kumfukua baba yake, kama tunavyofanya miaka ikishapita, ili mifupa ioshwe kwa divai. Marehemu baba huyo, Kitsos, alipata nishani ya ushujaa katika vile vita vya wenyewe kwa wenyewe, na alizikwa nayo kifuani.

Bibi Areti, mzee wa kijijini kwetu, akaja pia. Kitsos ndiye aliyempiga risasi kaka yake Areti, mchunga mbuzi, aliyekuwa amenyoosha mikono juu.

"Bibi yangu," Stamatia akamsihi, "sema tu, Mungu amsamehe. Usiposema wewe, baba hapumziki."

"Asipumzike! Kaka yangu alikuwa amejificha, kaziba kengele za mbuzi kwa nyasi zisilie. Baba yako akapewa nishani kwa kumuua yule! Chimba, binti, acha kulialia."

Ukungu ukashuka, kukawa giza mchana kweupe. Stamatia akachimba. Kila jembe lilipopiga, chini kukajibu, ko, ko, kitu kama kengele iliyozibwa mdomo.

"Bibi, unasikia?"

"Mimi masikio yamekufa siku nyingi," Areti akacheka. "Lakini mbuzi wa kwetu nawajua."

Mifupa ilitoka myeupe, safi. Nishani haikuwepo. Juu ya mbavu, palepale ilipobandikwa, ilikaa kengele ya mbuzi iliyojazwa nyasi. Stamatia akazichomoa zile nyasi.

Zilikuwa mbichi, na bado zina umande.