Venance Alivyowafukuza Madume ya Maboga

Asubuhi moja kijijini Idete, Wilhelmina alikwenda nyuma ya nyumba kuangalia maboga yake. Alichokiona kilimfanya apige kelele hadi viboko wa mtoni Kivukoni wakazama majini. Anayebisha akawaulize viboko.

"Baba Aneth! Nani amekata maua yangu?"

Venance, mume wake, alikuwa anakunywa chai.

"Mimi. Wiki nzima nakata yale yasiyozaa. Kwenye mpunga si tunang'oa kila kisichozaa? Na yote tumeyala kwa karanga. Ulilamba sahani!"

"Ulisema umepewa! Sasa viboga vinanyauka, vinaanguka. Ile ni mbegu ya marehemu mama. Nilipanda zote! Boga lisipokomaa msimu huu, mbegu imekwisha!"

Jirani yao Bernadeta, anayelima mboga ili auze mbegu zake, alisikia ugomvi akaja.

"Shemeji," alimwambia Venance, "umewafukuza waume, unataka watoto?"

"Waume gani? Haya ni maboga!"

Bernadeta aliinua ua moja. "Hili ni jike. Ona, lina kiboga chini yake. Ua dume lina kikonyo kitupu, lakini ndani lina unga wa njano. Unaitwa chavua. Nyuki huupeleka kwenye ua jike. Chembe ya chavua ikitua hapa katikati, huotesha mrija mwembamba sana. Mrija unashuka hadi ndani ya kiboga. Humo kuna vijiyai vidogo. Kila kijiyai kikirutubishwa kinakuwa mbegu, na kiboga kinanenepa. Chavua isipofika, kinaoza."

"Mbona mpunga hauna madume?" Venance alibisha.

"Unayo! Katika ua la mpunga, dume na jike wanakaa chumba kimoja. Ndiyo maana huwaoni."

"Nigawie madume ya kwako basi, dada," alisema Wilhelmina.

"Ya kwangu ni aina nyingine. Boga utapata, lakini mbegu zake zitachanganyika."

Wilhelmina alimgeukia mumewe. "Ingia humo. Usitoke bila dume!"

Venance alitambaa chini ya majani, mikono ikimwasha. Karibu na uzio alikuta tumba moja la ua dume, halijachanua, limejificha. Jioni Bernadeta alilifunga mdomo kwa uzi, na ua jike moja lisilochanua pia, ili nyuki wasiingize chavua ya maboga ya shambani kwake. Alfajiri walifungua yote mawili. Wilhelmina alipaka mwenyewe chavua ya dume kwenye jike, kisha akalifunga tena ua jike.

"Wewe usiguse!" alimfokea mumewe.

Kiboga hakikuanguka. Kilinenepa kikaziba njia, hadi ng'ombe wa mfugaji Mzee Mashimba wakalazimika kutafuta njia nyingine.

Kikonyo kilipokauka, Wilhelmina alilipasua boga. Mbegu zilikuwa zimejaa, nene, nyeupe. Alizishika kwa mikono yote miwili. Kisha akamsukumia Venance ungo.

"Zioshe, uzianike. Msimu ujao ua langu hulikati. Na kuku akidonoa hata moja, utalala naye bandani!"

Venance alichukua fimbo, akakaa juani kulinda mbegu.