Mfuko wa Turubai

Lori la maziwa lilikuwa limeshavuka daraja. Mshonaji alikaa mbele, kando ya dereva, mfuko mrefu wa turubai umelala magotini pake. Nyuma, makopo ya maziwa yaligongana.

"Umebeba nini, mama? Gitaa?" dereva aliuliza.

"Bunduki."

Dereva akacheka mpaka akakohoa. "Basi ngoja niendeshe polepole, nisije nikakuudhi."

Mshonaji hakucheka, maana hakutania. Ilikuwa bunduki ya mumewe, yenye leseni, ya kufukuzia nguruwe pori. Bila bunduki ile mahindi yao hayavunwi, yanaliwa. Na barua ya polisi ilisema wazi: silaha iletwe kituoni kukaguliwa kabla ya mwezi kwisha, la sivyo leseni inafutwa. Leo ilikuwa siku ya mwisho.

Mumewe alibaki kitandani. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa akiezeka, mguu ukavunjika.

"Mguu huu haunifikishi hata mlangoni," alimwambia mkewe asubuhi ile.

"Basi naipeleka mimi. Wanataka kukuona wewe au bunduki?"

"Barua inasema bunduki."

"Haya. Toa risasi, nipe."

Mshonaji ni mshonaji. Hakukubali bunduki isafiri imeviringishwa blanketi kama maiti. Alikuwa ameipima kwa tepu, akakata turubai, akatia sufi ndani, akashona mara mbili kila upande. Ubavuni aliweka vifuko vitano, kila risasi na kifuko chake. Mfuko ulipendeza, na mwenyewe alijua.

Njiani lori lilisimama shuleni kushusha maziwa. Mshonaji akaenda msalani. Mfuko akauacha kitini.

Walipofika kwenye kizuizi cha barabarani, askari mnene alichungulia dirishani.

"Ndani ya mfuko kuna nini, mama?"

"Bunduki."

Askari hakucheka. Aliufungua mfuko, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Nani kashona?"

"Mimi."

"Kazi safi," alisema. "Sasa shuka. Na wewe dereva, tufuate na lori mpaka kituoni."

Kituoni walimkuta sajini wa silaha, mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa uzi. Alitandaza kila kitu mezani: mfuko, bunduki, risasi tano, leseni, barua.

"Leseni ni ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Wewe ndiye mume wako?"

"Mtu na mkewe ni kitu kimoja, afande."

"Siku ya harusi, ndiyo. Kwenye sheria ya silaha mko wawili." Sajini alivua miwani. Hakuwa mkali. "Sikiliza, dada. Leseni ni ya mtu, si ya nyumba. Shati la mumeo unaweza kulivaa. Bunduki yake huwezi kuibeba hata hatua kumi, mpaka upewe kibali chenye jina lako."

"Lakini haina risasi ndani. Mume wangu alizitoa mwenyewe."

"Nimeona. Hilo mmefanya sawa. Bunduki husafiri tupu. Lakini husafiri imefungwa kwa kufuli, na mfuko wako una vifungo vya shati. Risasi nazo zina chombo chake na kufuli lake, mbali na bunduki. Wewe umezilaza pamoja kama mapacha."

"Nilitaka zisipotee."

"Najua. Na safari huwa moja tu, nyumbani mpaka kituoni. Mlisimama mahali?"

"Shuleni."

"Bunduki ilikuwa wapi?"

"Kitini. Na dereva."

"Na wewe?"

"Msalani."

"Ungekwenda nayo."

"Bunduki, msalani?"

"Ndiyo maana mwenye bunduki hujisaidia kwao kabla ya kuondoka," alisema sajini. "Huwezi kumwachia asiye na leseni, hata dakika moja."

Mshonaji akauliza, "Na aliyevunjika mguu afanyeje?"

"Anapiga simu. Au anatuma mtu na karatasi tu, anasema ninaumwa. Tunamwongezea muda, au askari anakwenda kukagua kule kule nyumbani."

Mshonaji akamsogezea barua. "Nionyeshe palipoandikwa hivyo."

Sajini aliisoma mbele. Akaigeuza. Nyuma palikuwa peupe.

"Hapajaandikwa," alisema.

"Mliandika: leteni, au tunafuta leseni. Nimeleta, mmenikamata. Wenye bunduki za kuficha, nao mnawaandikia barua?"

"Hatuwajui wanapokaa."

"Sisi mnatujua. Kumbe kosa letu ndilo hilo."

Sajini akawa anazipanga risasi mezani, ingawa zilikuwa zimepangika.

"Basi ikague," mshonaji alisema. "Bunduki hiyo hapo, na leo ndiyo mwisho."

"Siwezi, dada. Hii sasa ni kielelezo cha kesi. Ya kukaguliwa huletwa na mwenyewe."

Bunduki ikafungiwa kabatini, hatua sita kutoka meza ya ukaguzi. Mshonaji alizihesabu akiwa kwenye benchi. Saa kumi jioni karani wa ukaguzi alipitisha kalamu kwenye daftari. Alipofika jina la mumewe aliandika: Haikuletwa.

Dereva alikaa benchi lile lile kama shahidi. Uani, maziwa yalikuwa yameanza kunuka.

"Nilikuuliza, ukaniambia ukweli," alisema dereva. "Hilo ndilo linaloniuma."

Jioni mshonaji alipewa dhamana. Kabla ya kutoka alirudi kwa sajini, akaweka ile barua mezani, upande mweupe juu.

"Andika hapa uliyoniambia. Yote, kwa maneno mafupi. Nina majirani wenye bunduki."

Sajini aliandika. Bunduki ibebwe na mwenye leseni tu. Iwe tupu, iwe na kufuli. Risasi ziwe mbali, na kufuli lake. Leseni iwe mkononi. Usisimame njiani, usimwachie mtu. Ukiugua, piga simu. Usipojua, uliza kabla hujaigusa.

"Ungeyaandika haya mwezi uliopita," mshonaji alisema, "leo ningekuwa cherehanini."

"Kweli," alisema sajini.

Hakimu alimpa mshonaji kifungo cha nje cha miezi sita. Leseni ya mume ilifutwa, na bunduki ikateketezwa kwa amri ya mahakama. Mguu wa mume ulipona, umepinda kidogo. Aliomba leseni upya, na mpaka sasa anangoja. Nguruwe anawafukuza kwa kupiga debe, nao wameshalizoea. Msimu ule hawakuvuna kitu. Dereva hapakii tena mtu mwenye mzigo mrefu.

Barua za mwaka uliofuata zilikuja zimechapwa nyuma, maneno yale yale ya sajini. Jirani mmoja alikuwa mgonjwa, akapiga simu. Askari alikuja, akakagua bunduki kwa robo saa, akaondoka. Majirani wengine wanne walikwenda wenyewe na kurudi salama. Wote waliisifu polisi. Sajini alikuwa ameshahamishwa.

Mfuko ulirudishwa kesi ilipokwisha. Ubavuni umeandikwa namba ya kielelezo kwa wino mweusi. Mshonaji ameufua mara tatu, haitoki. Siku hizi anaweka humo rula yake ya mbao.