Abiria wa Juu ya Betri ya Pili

Betri ilikuwa baridi kama sakafu, lakini chaja iliapa kwamba inachemka.

Fundi aliweka kiganja juu yake mara ya tatu, akasonya. Kioo kidogo cha chaja kiliandika nyuzi sitini na moja, taa nyekundu ikipepesa, na chaja ikakataa katakata kuijaza ile betri ya pili iliyoendesha friji ya gari la maziwa. Yeye alikuwa fundi umeme wa magari, mwanamke mwenye mikono ya grisi na ulimi wa pilipili, na hakupenda kufanywa mjinga na kifaa. Waya alikuwa ameupima kwa mita: mzima. Soketi alikuwa ameikwangua kutu. Sensa ya joto, kidude kilichobandikwa mgongoni mwa betri chini ya kiti cha abiria, alikuwa ameibadilisha mara mbili. Na hii mpya nayo ilisema sitini na moja.

"Dada, labda chaja ndiyo imekufa," alisema mdogo wake, dereva wa gari hilo.

"Chaja nimeifunga kwenye gari jingine, inachapa kazi. Nyamaza nifikiri."

Hakupewa nafasi. Tajiri, mwenye gari, aliingia gereji akifoka. Maziwa yalikuwa yameharibika siku mbili mfululizo.

"Fundi gani anashindwa na kidude cha ukubwa wa kucha? Idanganye!"

"Sensa haikuwekwa pale kwa urembo, Tajiri."

"Mimi nataka friji, sitaki mahubiri."

Kuidanganya alijua, mafundi wote wanajua. Unakata sensa, unaweka rezista ndogo mahali pake, na chaja inaamini milele kwamba betri ina nyuzi ishirini na tano. Alikata, akafunga tepu. Taa ikawa ya kijani. Tajiri akacheka. Fundi hakucheka; alijisikia kama aliyemziba mtoto mdomo wakati analia.

Siku ya nne, saa sita mchana, gari lilirudi likitambaa. Mdogo wake alikuwa amevaa koti na kujitanda blanketi juu yake, na jua lile lilikuwa linalainisha lami. Meno yalimgongana.

"Una homa?"

"Sina. Zahanati wamenipima, kipimo kimegoma kupanda." Akauinua mkono wa kushoto, ulioelekea kiti cha abiria. "Upande huu ndio unaoganda."

"Ulimbeba nani?"

Alisita, akakitazama kiti kwa pembeni, akanong'ona: "Wiki ile friji ilipoanza kusumbua, nilimpa lifti bibi mmoja, pale darajani. Hakusema neno. Dada... kushuka kwake sikumbuki."

Hasira ilimpanda fundi kabla ya hofu. Alichomoa rezista, akaunga sensa, akaishika kwa waya wake mrefu. Sakafuni, ishirini na tisa. Kwenye usukani, thelathini. Alipoipandisha taratibu juu ya kiti cha abiria, kitupu, namba zilianza kukimbia, sitini, sabini, themanini, na springi za kiti zikalia kama zinavyolia mtu anapojiweka sawa, na harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa puani, na sensa, iliyokuwa ikining'inia hewani bila kugusa kitu, ikaacha kuyumba kana kwamba imeegemezwa kifuani, kisha ikaanza kupanda na kushuka, polepole, kwa mwendo wa mtu anayepumua akiwa ameshiba.

Sensa haikuwa mbovu hata siku moja. Ilikuwa shahidi, na yeye ndiye aliyeikata ulimi.

"Mshenzi wee!" alifoka, mafundi wa jirani wakageuka. "Mtoto wa mama yangu anatetemeka, wewe umekaa hapo unaota joto lake? Umebebwa bure, ukaona haitoshi, ukaanza kumla aliyekubeba! Shuka!"

Hakuna kilichoshuka.

Basi akamvuta mdogo wake nje kwa ukosi wa koti, akamketisha juani kando ya mlango, akamfumbatisha sensa. Kumi na tisa. Akamsugua mikono, mgongo, shingo, huku akitukana bila kupumzika. Ishirini na tatu. Thelathini. Kila namba ilipopanda, ndani ya gari kitu kiliguna. Ilipofika thelathini na sita, kijana alilitupa blanketi akaomba maji.

Tajiri alimkuta hapo.

"Gari limelala tena?"

"Huyu hapandi tena. Kuna kitu kwenye kiti kile, na sensa inakiona. Na wewe usipande."

"Jini la kunywa maziwa?"

"La kunywa madereva."

Tajiri alicheka mpaka kitambi kikatikisika. "Rudisha rezista."

"Mkono wangu hauigusi."

Tajiri alikuwa amemwona fundi akiifunga. Akasokota nyaya mwenyewe, vibaya, na taa ikawa ya kijani. Akaketi kwenye usukani.

"Nakuambia mara ya pili, Tajiri. Shuka!"

"Mnanipotezea muda, wewe na nduguyo."

Aliwasha injini. Mlango wa abiria, uliokuwa wazi, ukajifunga taratibu, kwa adabu. Kiti kikabonyea, na safari hii kilibonyea upande wa dereva, kama mtu anayesogea kumnong'oneza mwenziwe. Tajiri alikuwa anatazama kioo cha nyuma.

"Mwite, Dada," mdogo wake alisema.

Gari lilikuwa bado linageuza. Sauti yake ingefika, ile ile iliyosikika gereji nzima. Alikitazama kiganja cha mdogo wake, kilichoanza kurudiwa na wekundu wa damu.

"Nimeshamwita mara mbili," alisema, na hakuinuka.