Mteremko wa Mstari Unaopanda

Wiki ya kufungua shule, duka la vifaa vya kuandikia lilikuwa limejaa pomoni. Wazazi walipenyeza mikono juu ya vichwa vya wenzao, na mwenye duka, mama mnene aliyening'iniza miwani kifuani kwa kamba, alimhudumia yule tu aliyepaza sauti zaidi. Mwalimu wa hesabu hakuwa na tabia ya kupaza sauti nje ya darasa. Alifika kaunta gauni lake la buluu limekunjamana, jasho limemtoka, na alitaka kitu kimoja tu: karatasi za grafu.

"Bahati yako, imebaki pakiti moja," alisema mwenye duka, akaibwaga kwenye kaunta.

Mikono miwili ikaidaka. Mmoja ulikuwa wa mwalimu. Wa pili ulikuwa mpana, kucha zimeingia weusi wa grisi, na mwenyewe alikuwa ndani ya ovaroli ya kijivu yenye bisibisi mfukoni.

"Kaka, hiyo nimeiomba mimi," mwalimu alisema.

"Umeiomba, dada yangu, sikatai. Mimi nimeishika."

"Nina darasa zima linaningoja."

"Na mimi nina mdogo wangu. Ni mmoja, lakini ana kichwa kigumu, anamaliza karatasi kuliko hilo darasa lako."

Mwalimu alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Mwenye duka akagonga kaunta kwa rula. "Mkitaka kupendana, pendaneni nje. Watu wanasubiri."

Wakatoka nje, wakaigawana pakiti kwenye baraza la duka, huku yule bwana akizigawa karatasi mojamoja kwa ncha za vidole asizichafue. Alikuwa fundi wa lifti. Alisema alikuwa akizihudumia lifti za majengo marefu ya katikati ya mji, na ndiyo maana mwili wake ulinuka mafuta hata siku za mapumziko.

"Huyo mdogo wako yuko kidato gani?"

Fundi alikohoa kidogo. "Anajiandaa na mtihani. Kinachomsumbua ni hiyo mistari. Sijui mteremko, sijui nini."

"Akikwama, piga simu," mwalimu alisema, akampa namba. Aliporudi nyumbani alijiambia kwamba ameitoa kwa ajili ya mtoto. Hata yeye mwenyewe hakuliamini hilo.

Simu ya kwanza ilikuja kesho yake jioni.

"Mwalimu, habari za kutwa? Mdogo wangu ana grafu mbele yake. Mstari upo, namba zipo. Sasa huo mteremko unatolewa wapi?"

"Mpe simu nimweleze."

"Ana haya huyo. Nieleze mimi, nitampa."

"Haya. Mwambie atafute nukta mbili juu ya mstari. Asichukue popote. Achukue pale mstari unapopita barabara kwenye kona za miraba, ili asibahatishe. Na ziwe mbalimbali, maana zikibanana, kosa dogo linakuwa kubwa."

Mwalimu alisikia penseli ikikwaruza.

"Amepata. Moja iko mbili kwa tatu. Nyingine sita kwa kumi na moja."

"Vizuri. Kutoka ile ya kushoto hadi ya kulia, amepanda kiasi gani?"

"Kutoka tatu mpaka kumi na moja. Nane."

"Na kwenda kulia?"

"Kutoka mbili mpaka sita. Nne."

"Agawanye kupanda kwa kwenda."

"Mbili," alisema fundi, kisha akarudia polepole kama mtu aliyeonja kitu. "Mbili. Yaani kila akienda hatua moja kulia, anapanda mbili."

"Hapo hapo. Na mstari ukiwa unashuka kwenda kulia, jibu linakuwa hasi."

"Mdogo wangu anauliza swali jingine. Mbona mnauita mteremko na huku mstari unapanda?"

Mwalimu alicheka mpaka akakaa kitandani. "Mwambie mdogo wako inategemea amesimama wapi. Aliye juu anaona mteremko, aliye chini anaona mlima."

"Nitamwambia. Na wewe umesimama wapi, mwalimu?"

"Mimi nimekaa. Lala salama, fundi."

Baada ya hapo simu hazikukatika. Zilianza na hesabu, zikamalizikia kwingine kabisa. Mteremko wa mstari uliolala ni sifuri, na je, mwalimu amekula nini leo? Mstari uliosimama wima hauna mteremko, kwa sababu hauendi kulia hata kidogo na hakuna anayegawa kwa sifuri, na je, Jumamosi ana nafasi? Jumamosi ya kwanza fundi alikuja na shati jeupe ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani, viatu vinang'aa kama kioo, akatembea kando ya mwalimu akimwonyesha majengo yenye lifti zake. "Ile inalalamika kama bibi anayeumwa miguu. Ile kule haina neno, ila watu wanaibebesha mizigo." Mwalimu hakuwahi kumsikia mtu akizungumzia vyuma kwa huruma namna ile. Kufikia mwisho wa muhula alikuwa akiitwa "mpenzi", naye akiitikia bila kuangalia pembeni.

Shoga yake, mwalimu wa jiografia, ndiye aliyemtilia mchanga kwenye kitumbua. Walikuwa chumba cha walimu wakisahihisha madaftari.

"Kwa hiyo huyo mdogo wake hujawahi kumwona."

"Ana haya."

"Wala sauti yake?"

"Shoga, usianze."

"Mimi sijasema kitu. Ila mtoto wa sekondari asiyeshika simu sijapata kumwona. Huyo ni mwanawe. Na mtoto, mwenzangu, huwa ana mama."

Mwalimu alilipuuza neno lile, nalo likakaa. Lilikuwa bado limekaa siku fundi alipompeleka kwa dada yake mkubwa, aliyekuwa na saluni ya kina mama. Dada mtu alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha chini ya mashine ya kukaushia nywele kwa kuwa viti vingine vyote vilikuwa na wateja, akaanza kummwagia sifa za kaka yake.

"Huyu nimemlea mimi baba alipofariki. Aliacha shule akaingia kazini, hakunung'unika. Ni kitinda mimba wetu. Baada yake mama alifunga duka."

Wateja wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alimtazama fundi, na fundi akawa anatazama sakafu, mahali nywele zilipofagiliwa zikaachwa.

Simu ya jioni ile ilikuwa fupi.

"Mdogo wako ni nani?" mwalimu aliuliza.

Fundi alianza habari za saluni, mwalimu akamkatiza.

"Una mtoto?"

"Sina mtoto. Sina mke. Naapa."

"Basi nani anasoma hesabu? Nimefundisha miezi yote hii, nimemfundisha nani?"

Alisubiri. Upande wa pili alisikia pumzi tu. Jibu lilikuwa neno moja, na fundi alilijua, lakini halikutoka. Aliyekuwa akimwita mpenzi alikuwa na shahada. Yeye alikuwa na bisibisi. Angeanzaje kusema?

"Sawa," mwalimu alisema. "Usinipigie tena."

Akakata. Akalia kidogo, akanawa uso, akaandaa masomo ya kesho. Fundi alipiga, hakupokelewa. Alituma ujumbe wa samahani usioeleza kosa, na huo ulimkera mwalimu kuliko kimya chenyewe.

Muhula uliofuata, shule ilikubali kuwapokea watahiniwa wa kujitegemea kwa mtihani wa majaribio. Ni watu wazima wengi wao, wanaosoma wenyewe baada ya kazi. Mkuu wa shule alimpa mwalimu kazi ya kusimamia hesabu na kusahihisha. Asubuhi ile alisimama mlangoni akihakiki vitambulisho. Aliingia mama aliyemwachia shangazi mtoto wake nje, akaingia mlinzi aliyevaa sare bado, akaingia seremala wa makamo anayenuka mbao. Wa mwisho alikuwa fundi.

Alivaa lile shati jeupe. Alipomwona mwalimu, alisimama kama lifti iliyokatikiwa umeme. Kisha akanyoosha kitambulisho chake kwa mikono miwili, kama mwanafunzi.

Mwalimu alikisoma, akakirudisha. "Dawati lolote lililo wazi," alisema.

Ndipo mambo yote yalipomjia kwa pamoja. Penseli iliyokwaruza kwenye simu. Maswali ya mtoto mwenye haya. Hakukuwa na mtoto wala mama wa mtoto. Alikuwapo mwanaume mzima aliyekunja magoti chini ya dawati dogo, ananong'ona namba.

Alizunguka darasani kama ilivyompasa. Alipopita nyuma ya fundi, hakukusudia kutazama, akasimama akatazama. Swali lilikuwa la mteremko. Mstari ulipita kwenye nukta mbili, sifuri kwa kumi, kisha nne kwa hamsini, na fundi alikuwa amechagua nukta hizohizo, safi kabisa, kwenye kona za miraba. Amepiga pembetatu yake kwa rula. Kisha amehesabu miraba: minne juu, minne kulia. Jibu lake lilikuwa moja.

Lakini kwenye mhimili wa wima kila mraba ulikuwa kumi. Alikuwa amepanda arobaini, si nne. Mteremko ulikuwa kumi.

Neno moja la mwalimu lingetosha. Hata kukohoa kungetosha. Aliendelea kutembea mpaka mwisho wa darasa, akasimama dirishani, akautazama uwanja mtupu mpaka muda ulipokwisha.

Usiku ule aliisahihisha karatasi ya fundi mwisho kabisa. Akaweka alama nyekundu ya kosa kwenye lile swali, akaandika pembeni: *Umehesabu miraba. Soma kwanza skeli.* Kalamu ikabaki hewani. Kisha akaifunika.

Watahiniwa walikuja kuchukua karatasi zao baada ya siku chache. Fundi alingoja wenzake wote waondoke, akaja mbele ya meza.

"Uliona pale pale nilipokosea," alisema. "Nilisikia viatu vyako vikisimama."

"Niliona."

"Na hukusema."

"Ulikuwa mtihani."

Fundi akatikisa kichwa kukubali. "Mimi sikuwa kwenye mtihani siku ile uliponiuliza, na sikusema. Niliona aibu. Kazini wanataka cheti ndipo wanipandishe kuwa msimamizi, na hesabu ndiyo inayonirudisha nyuma. Nikafikiri, nitamwambiaje mwalimu kwamba yule mtoto mwenye kichwa kigumu ni mimi?"

"Ungesema pale pale dukani, ningecheka nikupe namba vilevile."

"Sikujua."

"Ulidhani napenda vyeti? Unajua nililala siku ngapi nikimwona mke wako usingizini? Nilimpa mpaka sura." Sauti ilimtetemeka, akaishusha. "Kutojua mteremko ni jambo la kufundishika. Uliniacha nijione mjinga mbele ya watu, fundi. Hilo ndilo lililoniuma."

"Nisamehe. Safari hii nakuambia kosa ni lipi."

Mwalimu alikusanya kalamu zake, akazipanga, akazipangua, akazipanga tena. Kisha akavuta kiti cha pili kando ya meza.

"Kaa. Tuanze na skeli."

Walisoma kila Jumamosi kwenye darasa tupu, mlango wazi. Mwalimu wa jiografia alipita mara mbili kuchungulia, mara ya tatu akaomba radhi na kuleta maandazi. Fundi alikosea, akafutwa, akarudia. Alianza kuusoma mhimili kabla ya kuutazama mstari. Mtihani wenyewe ulipokuja alitoka akisema swali la grafu amelipata, ila mengine Mungu ndiye ajuaye.

Siku ya matokeo simu ya mwalimu ililia akiwa chumba cha walimu.

"Nimefeli," fundi alisema. "Mengine yote nimefaulu. Hesabu nimefeli. Nimepungukiwa alama chache tu, lakini ni kufeli."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Hata dada bado. Nimeanza na wewe."

Mwalimu aliomba ruhusa, akaenda mjini. Alimkuta kwenye ukumbi wa jengo moja refu, milango ya lifti imeachwa wazi, kamba ya njano imezungushwa, yeye amepiga magoti akikaza nati. Alipomwona alijifuta mikono kwa kitambaa, akabaki ameshika kitambaa kile.

"Nilikuwa nimepanga," alisema. "Nikifaulu, nije kwenu kuposa."

"Na ukifeli?"

"Hapo sikuwa nimepanga chochote."

"Sharti hilo nani aliliweka? Mimi?"

"Hapana."

"Jumapili mama yupo nyumbani. Mjomba wako yupo?"

Fundi alikitia kitambaa mfukoni. "Yupo," alisema. "Hata kama hayupo, atakuwepo."

Jumapili walikuja, fundi, mjomba na dada mwenye saluni, wamejipamba kwelikweli. Mama wa mwalimu, nesi mstaafu asiyependa kupotezewa muda, aliwakaribisha sebuleni. Aliwaacha wakubwa wamalize salamu na habari za safari, kisha akamgeukia kijana.

"Mwanangu, umesoma mpaka wapi?"

Dada mtu akajiweka sawa kitini. Mwalimu, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia mkononi, alimwachia ajibu mwenyewe.

"Sekondari, mama, lakini sikumaliza," fundi alijibu. "Mwaka huu nimefanya mtihani. Hesabu nimefeli. Mwakani narudia."

Mama alimtazama binti yake, mwalimu wa hesabu, kwa muda mrefu kidogo. Kisha akasogeza stuli ya kuwekea chai karibu na miguu ya mgeni.

"Basi kaa vizuri," alisema. "Chai inakuja."