Matundu Matatu Mchangani

Haya yalimkuta rafiki yangu, mpigapicha. Siku moja alikwenda kumsalimu mama yake, akakuta picha yake imeondolewa ukutani, na mahali pake imetundikwa ya mdogo wake: miamba ya jangwani, tabaka jekundu juu ya la njano juu ya la zambarau, ndefu kama kochi.

"Mama, yangu iko wapi?"

"Uvunguni, mwanangu. Hii ina rangi, bwana!"

Wivu ukampanda. Hiyo kamera, mdogo wake alifundishwa na nani kama si yeye? Akamchekeachekea mpaka akaelekezwa mahali penyewe, na kesho yake mchana akaenda peke yake.

Mchangani alikuta matundu matatu yaliyoachwa na miguu ya chuma ya stendi ya kamera ya mdogo wake. Akachomeka miguu ya stendi yake humo humo, akajifunika kitambaa cheusi apate kuona kioo cha kamera juani, akaanza: picha tisa, kutoka kushoto kwenda kulia, za kuunganishwa ziwe moja.

Kila alipobofya, mle gizani alisikia mbele yake, chwa, chuma kikizama mchangani. Akajifunua.

"Umenifuata, we mtoto?"

Hapakuwa na mtu.

Nyumbani aliziunganisha. Miamba ilitoka mizuri kuliko ya mdogo wake, akacheka peke yake. Kisha akatazama mchanga. Kwenye picha ya kwanza palikuwa na matundu matatu, mbali, chini ya miamba. Kwenye ya pili, matatu mengine, karibu zaidi. Kwenye ya tisa yalikuwa hatua moja mbele ya kamera, na mchanga wote ule haukuwa na unyayo hata mmoja.