Mafundo Kumi na Tano

Jua lilikuwa linazama Spana alipofika kwa shemeji yake kwa mara ya tatu wiki ile. Jina hilo alipewa na watu, maana hata harusini alikwenda na spana mfukoni. Alikuwa fundi wa visima na pampu, mwepesi wa mdomo na mwepesi zaidi wa mikono. Lakini kisima hiki kilimshinda.

Shida yenyewe hata mtoto angeielewa. Pampu ile huwaka mtu akifungua bomba, huzima akifunga. Sasa kila jioni ilikuwa inawaka yenyewe, mabomba yote yamefungwa, na kabla ya watu kulala kisima kimekauka. Asubuhi maji yamerudi. Spana alikuwa ameshabadilisha swichi, akabadilisha na vali, akapapasa mabomba ya ukutani kwa kiganja kutafuta uvujaji. Kukavu kabisa.

"Ni kama kuna mtu anakunywa," shemeji alisema, taa mkononi.

Spana alicheka, akasema wasimsingizie mtu, labda mpira umechakaa tu. Alicheka peke yake. Hakupenda kuinama juu ya kisima kile, na sababu aliijua mwenyewe. Kaka yake, mume wa huyu mama, alifia humo miaka sita iliyopita, walipokuwa wakikichimba zaidi wao wawili.

Pampu ikawaka.

Nguuu… nguuu…

Spana aliruka akachomoa nyaya. Kimya. Kisha harufu ikapanda kutoka chini, ya udongo mbichi na jasho. Jasho la mtu aliyefanya kazi kutwa nzima.

"Ngoja nipime maji," alinong'ona, apate tu la kufanya.

Kamba yake ya kupimia ilikuwa na mafundo kumi na tano, na nati nzito mwishoni. Siku zote nati hugusa maji kwenye fundo la tisa. Aliishusha akihesabu. Tisa. Kumi… Kumi na tatu… Hakusikia chubwi. Fundo la kumi na tano likabaki kiganjani mwake.

Kamba ikavutwa.

Mara moja. Mara mbili.

Mara tatu.

Wachimba visima hawaitani, kwani sauti hupotea mle ndani. Huzungumza kwa kamba. Wa chini akivuta mara moja, shusha ndoo. Mara mbili, simama. Mara tatu, nitoe. Siku ile, kaka akiwa chini, Spana aliifunga kamba kwenye nguzo akaenda kuvuta sigara kwa jirani, mara moja tu. Aliporudi, nguzo ilikuwa imechunika pale kamba ilipokaa, imechunika sana, na kaka hapumui. Hewa mbaya ya chini ilikuwa imemmaliza. Mazishini aliulizwa, akaapa kwamba kaka hakuvuta kamba hata mara moja. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini yake ilikuwa imefika miaka sita, na alishaanza kudhani haina mwisho.

Shemeji aliweka taa chini. Akaishika kamba na yeye.

Ikavutwa mara tatu tena. Taratibu, kama mtu aliyechoka.

"Mara tatu ni nini, shemeji?"

Uongo alikuwa nao tele. Ulimi ukagoma.

"Ni… nitoe."

"Na siku ile alivuta mara ngapi?"

Spana aliitazama nguzo iliyochunika, na mama yule akaona anachokitazama. Hakulia, wala hakumtukana. Alirudi nyuma hatua moja, akamwachia kamba yote.

"Basi mtoe."

Spana alitaka kuitupa. Vidole vilikataa kufunguka. Akavuta huku machozi yanamtiririka, akimwomba kaka yake msamaha kwa sauti isiyotoka. Kamba ilikuwa nzito kama ndoo ya udongo. Mkono wa fundi huhesabu wenyewe, hata mwenyewe asipotaka. Tano. Kumi. Kumi na tano, na hapo nati ilipaswa kutokea.

Kumi na sita.

Shemeji alikuwa amepiga magoti, anachungulia chini, anajifunga khanga vizuri.

"Vuta, shemeji," alinong'ona. "Anakaribia."

Kumi na saba… Kumi na nane…

Kamba ikazidi kutoka, imelowa chapachapa. Mafundo haya hakuyafunga yeye. Lakini aliujua mkono ulioyafunga.